Shajara ya mradi: tiki zinazopotea kwenye jedwali la michango

Jumatatu usiku

Naanza kuandika hii shajara kwa sababu nimeshajijua, nikitatua kitu leo, baada ya miezi mitatu nakikuta tena nakishangaa kama sijawahi kukiona. Mradi wenyewe ni plagini (programu ya nyongeza) ya WordPress, ule mfumo wa kuendeshea tovuti, ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanachama mia na arobaini hivi, na mweka hazina ni mama mmoja mtu mzima ambaye kaunta buku yake ilikuwa safi kuliko databesi yangu.

Ukurasa ninaohangaika nao kazi yake ni ndogo ukiisikia. Mchango ukiingia unakaa kwenye hali ya "unasubiri", mama anafungua meseji za malipo kwenye simu, analinganisha, anatiki ile michango aliyoiona, anachagua "Idhinisha" kwenye orodha ya juu, anabonyeza "Tekeleza", habari imeisha. Akitaka kutiki wote anatiki kiboksi kimoja tu, kile cha kwenye kichwa cha jedwali, vingine vinafuata.

Basi hicho kiboksi cha kwenye kichwa ndo kimenilia Jumatatu yangu yote.

Nimetumia WP_List_Table, ile klasi ambayo WordPress yenyewe inachorea majedwali yake ya machapisho na watumiaji, ipo tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011 na kwa miaka mingi kwenye kodi yake waliandika kuwa ni ya matumizi ya ndani, maana yake siku wakiibadilisha usimlilie mtu. Tunaitumia hivyo hivyo. Uzuri wake unaandika vifanyio (function) vichache tu, cha kutaja safuwima, cha kuleta data, cha kuchora seli, mengine yote kama kugawa kurasa, kupanga na kutafuta inakushikia mkono.

Sasa mimi nilivyo, nikaamua safuwima zangu zote ziwe na majina ya Kiswahili, jina, kiasi, tarehe, hali, na ile ya viboksi nikaiita chagua. Inapendeza kweli. Nikaandika na kifanyio cha column_chagua kinachorudisha kiboksi, viboksi vikatokea mstari kwa mstari, na kichwani kikatokea kingine. Nikatiki cha kichwani. Kimya. Chenyewe kimejitiki, vya chini vimekaa tu vinanitazama.

Nikahisi JavaScript, nikafungua konsoli, hamna kosa hata moja. Nikahisi plagini nyingine inagombana na yangu nikazima zote, bado. Nikabadilisha hadi themu, kitu ambacho hata akili yangu ilikuwa inaniambia hakihusiani maana kurasa za admini hazichorwi na themu, bado. Saa tatu zimekwenda. Ndo nikaenda kufungua faili la common.js lililo ndani ya wp-admin/js nikasoma wanavyofanya, na kumbe ni hivi: ukibofya kiboksi cha kwenye thead au tfoot (kichwa na mguu wa jedwali), wanaingia kwenye tbody (mwili wake), kwenye kila mstari wanatafuta seli yenye klasi ya HTML inayoitwa check-column, halafu kiboksi kilicho ndani yake. Seli isiyo na hiyo klasi kwao haipo.

Na hiyo klasi inawekwa na nani? Inawekwa na WP_List_Table yenyewe ikikuta safuwima ambayo ufunguo wake ni cb. Sio chagua, sio kiboksi, ni cb, herufi mbili. Ikikuta cb, kichwani inaweka kiboksi chake cha kuchagua wote chenye id ya cb-select-all-1, chini ya jedwali inaweka cb-select-all-2, na kwenye mistari inaita column_cb na kuifunga ndani ya th yenye check-column. Ikikuta chagua inaichukulia kama safuwima nyingine yoyote, kama jina, kama kiasi, na kile kiboksi nilichokuwa nakibofya kichwani hakikuwa cha kuchagua wote, yalikuwa ni maandishi ya kichwa cha safuwima ambayo mimi mwenyewe niliyaandika kwa HTML ya kiboksi. Yaani pambo.

'cb' => '<input type="checkbox" />'

Nimebadilisha majina mawili, dakika moja. Uzalendo nimeubakiza kwenye safuwima nyingine.

Jumanne

Kuchagua wote kunafanya kazi, kutengua kunafanya kazi, hata ile ya kushika Shift ukatiki wa kwanza na wa kumi halafu wa katikati wakajitiki wenyewe imekuja bure. Nikachagua watatu, Idhinisha, Tekeleza. Ukurasa haukutikisika hata kidogo.

Hili la leo la kujitakia. display() inachora jedwali, inachora orodha ya vitendo juu na chini, inachora na kitufe, ila fomu haichori. Fomu unaizungushia wewe mwenyewe. Kitufe bila fomu ni swichi ya ukutani ambayo fundi kaondoka kabla hajaiunganisha na taa.

Nikaweka form method="get" maana ndo nilivyoona kwenye mfano mmoja, nikabonyeza, nikatupwa kwenye ukurasa ambao sio wangu. Fomu ya GET inafuta kila kilichokuwa nyuma ya alama ya kuuliza kwenye anwani na kuweka vya kwenye fomu peke yake, kwa hiyo ile page=michango iliyokuwa inaiambia WordPress mi niko wapi ikapotea. Dawa ni kuirudisha kama sehemu iliyofichwa ndani ya fomu, au utumie POST. Nimechagua POST, kwa sababu kitendo kinachobadilisha hela za watu sitaki kikae kwenye anwani ambayo mtu anaweza akaikopi akaitupia kwenye grupu la WhatsApp.

Sasa inatuma. Nikachagua watatu, akaidhinishwa mmoja. Nikachagua kumi, mmoja. Nikachagua wote ishirini, mmoja, na kila mara ni yule wa mwisho katika niliowatiki. Hapo sikuhangaika sana, nikaweka print_r($_POST) juu ya ukurasa nikaona mchango ni 57, namba moja tupu, wakati nilitegemea arei, yaani orodha ya namba. Jina la kiboksi niliandika name="mchango" badala ya name="mchango[]". Brauza imetuma wote vizuri kabisa, mchango=41, mchango=49, mchango=57, ila PHP, lugha inayoendesha WordPress kwenye sava, ikikuta jina lile lile bila mabano mraba inaandika juu ya lililotangulia, anabaki wa mwisho. Na lupu yangu ya foreach ilikuwa haipigi kelele kwa sababu juu yake nilikuwa nimeweka (array) ya kulazimisha, nikidhani najikinga. Nisingejikinga PHP ingenipa onyo dakika ile ile.

Kwa haya mawili nimebandika karatasi ukutani juu ya meza: TIKI IMEFIA WAPI? Kwenye skrini, njiani, au mapokezi, yaani kwenye sava. Maana Jumatatu nilikuwa natibu plagini nyingine na themu wakati mgonjwa yuko kwenye skrini, na dalili zote zinafanana, "tiki hazifanyi kazi", mtu yeyote atakuambia hivyo hivyo na asikuongezee neno. Skrini unaangalia kwa kukagua elementi, njiani unaangalia kwenye kichupo cha mtandao cha brauza, kilichotumwa ni nini hasa, mapokezi unaprinti.

Jumanne, saa sita usiku

Nonsi, yaani ile alama ya siri ya kuthibitisha kuwa ombi limetoka kwenye ukurasa wako. Nimepata ule ukurasa mweupe wa kusema linki uliyofuata muda wake umeisha. Imeishaje na fomu nimeifungua sasa hivi? Nonsi ya WordPress kwa kawaida inaishi mpaka siku nzima.

WP_List_Table ikichora ile sehemu ya juu inaweka nonsi yenyewe, jina lake ni bulk- ikifuatiwa na ile plural (jina la wingi) uliyoipa kwenye kijenzi (constructor) cha klasi. Mi nikaipa plural ya "Michango ya Wanachama", na kwenye mapokezi nikaikagua kwa maneno hayo hayo. Kumbe hiyo plural inapitishwa kwenye sanitize_key kwanza, inageuzwa herufi ndogo zote na nafasi zinaondolewa, inabaki michangoyawanachama. Nimeandika plural ni michango, tumemaliza, nalala.

Jumatano

Umeme umekatika saa mbili asubuhi umerudi saa tisa. Nimefanya kidogo kwa chaji ya laptopu.

Mama nilimpa aijaribu jana jioni. Kanipigia asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kitu yako nimeidhinisha watu mara mbili mbili, nikibonyeza inasema tayari ila bado nawaona wanasubiri, nikabonyeza tena."

Ukweli ni kwamba yeye hakukosea popote. Kwenye prepare_items, kile kifanyio cha kuleta data, nilikuwa nachota data kwanza ndo nashughulikia kitendo, kwa hiyo databesi imebadilika ila jedwali linaonyesha picha iliyopigwa kabla. Ukifungua ukurasa upya ndo unaona ukweli. Ningeweza kugeuza tu mistari miwili ikaisha, lakini kulikuwa na la pili limejificha nyuma yake, akibonyeza F5 baada ya Tekeleza brauza inauliza kama itume tena, na mama akiulizwa swali na kompyuta anajibu ndiyo, huo ndo ustaarabu wake.

Kwa hiyo nimehamisha ushughulikiaji wote kwenye ndoano (hook, mahali WordPress inakuachia uchomeke kodi yako) ya load- ya ukurasa, ile unayoipata kwa kushika jibu la add_menu_page, inakimbia kabla HTML yoyote haijaanza kutoka. Pale nakagua ruhusa, nakagua nonsi, nafanya kazi, halafu wp_safe_redirect (kuelekeza upya kwenye ukurasa) na exit. Mwanzo nilijaribu kuelekeza upya kutoka ndani ya ukurasa wenyewe nikapewa lile kosa maarufu la vichwa vimeshatumwa, maana admini nzima ya juu na menyu ya pembeni vilishatoka.

Pia ukibonyeza Tekeleza bila kutiki mtu nilikuwa natengeneza SQL yenye IN () tupu, MySQL inalikataa. Sasa kama arei haina kitu narudi mapema na ujumbe "Hujachagua mchango wowote". Namba zote zinapita absint, inayozifanya ziwe namba kamili zisizo hasi, na alama za %d (nafasi za namba ndani ya SQL) nazitengeneza kwa idadi ya waliochaguliwa.

Alhamisi

Leo urembo. Nimeweka kihesabio juu ya jedwali, "Umechagua 3, jumla Sh 90,000", kwa sababu mama anapenda kulinganisha jumla na ile ya kwenye simu kabla hajaidhinisha, na hilo ni wazo lake sio langu.

Ukitiki mmoja mmoja kinahesabu sawasawa. Ukitiki cha kichwani, ishirini wanajitiki na kihesabio kinasema sifuri. Nilikuwa nasikiliza tukio la change kwenye viboksi vya mistari tu. Ila kiboksi kikitikiwa na kodi, sio na mkono wa mtu, brauza haitoi change, na ile common.js inabadilisha checked kimya kimya bila kumwambia mtu. Nikaanza kuandika setTimeout, nikajionea aibu.

Suluhisho limekuja zuri kuliko nilivyotegemea: sikiliza change kwenye fomu nzima. Kiboksi cha kichwani nacho kimebofywa na mtu kwa hiyo change yake inatoka na inapanda mpaka kwenye fomu, na kwa mpangilio wa brauza click inatangulia, change inafuata. WordPress inafanya mambo yake kwenye click. Kwa hiyo mpaka change inanifikia, viboksi vyote vimeshatikiwa na mimi nahesabu tu :checked zilizopo. Hamna kusubiri, hamna kubahatisha.

Kitu kingine cha leo kimenitisha kidogo. Mi natumia Firefox. Nilitiki watatu, sijatuma, nikabonyeza F5 kuona kama kuna mchango mpya. Upo, umeingia katikati. Na tiki tatu zimebaki, ila zimebaki kwenye nafasi zake na sio kwa watu wake, mmoja kashuka mstari na tiki ikamwangukia jirani. Firefox inakumbuka hali ya fomu ukifungua ukurasa upya, ni wema tu, ila kwenye hela za watu wema huo siutaki. autocomplete="off" kwenye fomu, imekoma.

Ijumaa

Nimeongeza kitufe cha "Tuma risiti" kwenye kila mstari, mwanachama anapata SMS. Nimejaribu mistari mitano ya katikati, inafika. Nimepandisha. Wikiendi napumzika.

Jumatano ya wiki ya pili

Mwenyekiti kanipigia. Kuna mwanachama mmoja analalamika anapokea risiti za mchango usiku na mchana, jana kapata kumi na moja, mchango ule ule mmoja wa mwezi uliopita, na mkewe ameanza kuuliza hii hela unatoa mara ngapi na sisi hatuioni.

Nikadhani mama anabonyeza vibaya. Nikamuuliza kwa adabu zote, akasema mwanangu mimi hicho kitufe sijawahi hata kukigusa, na isitoshe hii kuidhinisha yako imekufa tangu Jumamosi, nikibonyeza inasema "Risiti imetumwa", nikadhani ndo umebadilisha maneno.

Nimeangalia logi za SMS, risiti arobaini na tatu tangu Ijumaa, zote kwa mtu mmoja. Mtu gani? Jina lake linaanza na A mbili, kwenye jedwali lililopangwa kwa alfabeti yeye ndo mstari wa kwanza siku zote.

Alhamisi

Siku nzima kwa huyu bwana wa mstari wa kwanza.

Nimefuata karatasi ya ukutani. Skrini: tiki zipo, zote, check-column ipo. Njiani: nimechagua Idhinisha, nimetiki watu wanne, nimetuma, nikafungua kichupo cha mtandao nikaangalia data ya fomu. Nikaona hivi, kwa mpangilio huu:

action: idhinisha
action: tuma_risiti
mchango_id: 12
mchango[]: 41
mchango[]: 49, na wengine wakafuata

action mbili. Na namba 12 ni mchango wa yule bwana. PHP kama kawaida yake, jina lile lile mara mbili inachukua la mwisho, kwa hiyo idhinisha imezikwa na tuma_risiti. Hata nonsi imefunikwa hivyo hivyo, ya kwangu ya risiti ndo ya mwisho, ndo maana ukaguzi ulikuwa unapita bila kulalamika. Kila Tekeleza ya mama ilikuwa inamtumia risiti huyu mtu. Na sio Tekeleza peke yake, kile kisanduku cha kutafuta jina nacho kiko ndani ya fomu hiyo hiyo, kwa hiyo kila akitafuta mwanachama, risiti moja inaondoka.

Lakini zile sehemu za action na mchango_id ziko kwenye fomu ndogo ya kitufe cha risiti, kila mstari una fomu yake, nimeziandika kwa mkono wangu. Zimeingiaje kwenye fomu kubwa? Na kwa nini ya mstari wa kwanza tu?

Nikafungua chanzo cha ukurasa: mistari ishirini, fomu ndogo ishirini. Nikafungua kikagua elementi: mstari wa kwanza hauna fomu. Wa pili unayo, wa tatu unayo, mpaka wa ishirini. Nimekaa nikaangalia hizo dirisha mbili bega kwa bega kama dakika tano nzima.

Jibu ni kwamba HTML hairuhusu fomu ndani ya fomu, hilo nilikuwa nalijua kwa kulisikia tu, sikuwahi kuliona linavyouma. Brauza ikiwa ndani ya fomu kubwa, ikakutana na form nyingine, inaitupa ile lebo ya kufungua kana kwamba hukuiandika. Vilivyokuwa ndani yake vinabaki, na vinakuwa mali ya fomu kubwa. Halafu inakutana na lebo ya kufunga ya ile fomu ndogo, inadhani ndo ya kubwa, inajihesabia kwamba haina tena fomu iliyo wazi. Kwa hiyo fomu ndogo ya mstari wa pili inapokelewa vizuri, inafunguka na kujifunga salama, na ya tatu, na zote zilizobaki. Mwathirika ni wa kwanza peke yake. Na mimi Ijumaa nilijaribu mistari ya katikati.

Nimeng'oa fomu ndogo zote. Kitufe cha risiti sasa ni linki ya kawaida inayotoka kwenye row_actions, ile inayojitokeza ukipitisha kipanya chini ya jina, imefungwa na wp_nonce_url na nonsi ya mchango huo huo. Nilifikiria njia nyingine pia, kuweka fomu moja tupu nje ya jedwali na kila kitufe kuelekezwa kwake kwa sifa ya form="...", HTML inaruhusu kitufe kukaa mbali na fomu yake, ila kwa kitendo kidogo kama hiki linki inatosha. Na vitendo vyangu nimevibadilisha jina, sitaki tena kitu changu chochote kinachoitwa action wakati WordPress nayo inalitumia.

Nimempigia yule mwanachama kumwomba radhi. Kacheka, kasema mkewe nimpigie mwenyewe.

Jumatatu ya wiki ya tatu

Michango ya zamani. Kaunta buku zote za miaka iliyopita tumeziingiza kwenye Excel kisha kwenye databesi, mistari 1,300, yote "inasubiri" na yote ilishahakikiwa, kwa hiyo ni kuidhinisha kwa mkupuo. Kurasa sitini na tano za ishirini ishirini. Kiboksi cha kichwani kinatiki kilicho mbele ya macho tu, ukienda ukurasa wa pili vya wa kwanza vimesahaulika, jambo ambalo ni sahihi ila mama alidhani tiki zake zinamfuata.

Nikaweka kitufe cha "Onyesha zote". Tukatiki wote 1,300, Tekeleza, ikasema tayari. Nikahesabu: wameidhinishwa mia tisa tisini na kitu. Hamna kosa lililotokea kwenye skrini.

Karatasi ukutani. Njiani: brauza imetuma 1,300, nimehesabu. Mapokezi: count($_POST['mchango']) chini ya elfu moja. Basi wamefia mlangoni. Ni max_input_vars ya PHP, kwa kawaida ni 1000, fomu ikileta zaidi ya hapo inakata zilizobaki na kuandika onyo kwenye logi, ambayo kwenye sava ya kweli hakuna anayeisoma. Hizo chache zilizopungua kufika elfu zililiwa na nonsi, action na sehemu nyingine za juu. Nawaza ningekuwa bado natumia GET ingekuwa afadhali kwa namna fulani, anwani ingekuwa ndefu mno sava ingekataa waziwazi kwa 414 nikajua.

Kuongeza hiyo namba kwenye php.ini ningeweza, nikakataa, maana mwakani watakuwa elfu tatu. Nimefanya kama barua pepe zinavyofanya: ukitiki cha kichwani, juu ya jedwali inajitokeza sentensi, "Umechagua 20 wa ukurasa huu. Chagua wote 1,300 wanaosubiri". Ukibofya, hazitumwi namba za watu, inatumwa alama moja tu, zote=1, pamoja na kichujio kilichokuwepo, na sava inarudia kuuliza databesi yenyewe, inawashughulikia mia mbili mbili. Ukitengua hata kiboksi kimoja ile alama inafutika, hilo nimelijaribu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye mradi huu.

Jumanne

Mama anatumia simu kuliko kompyuta. Kwenye skrini nyembamba WordPress inaficha safuwima zote inabakiza viboksi na safuwima kuu, zingine unazifungua kwa kamshale. Safuwima kuu yangu ilikuwa imejichagua yenyewe ikawa jina, sawa, ila anachotaka kuona kabla ya kutiki ni kiasi. Nimeweka kiasi kwa maandishi madogo chini ya jina, kwenye kompyuta nimekificha. Viboksi kwa kidole chake vilikuwa vidogo, nimevifunika kwa label yenye eneo kubwa zaidi, na id ya kila kimoja ina namba ya mchango, maana mwanzo nilinakili label ile ile kila mstari na ukigusa wa saba alikuwa anatikiwa wa kwanza.

Ndiyo, yule yule bwana.

Jumatano

1,300 wote wameidhinishwa saa nne asubuhi. Mama kapiga simu kuuliza jumla yangu na ya kwenye kaunta buku zinapishana Sh 5,000, mwaka wa juzi, mwezi wa nane. Tumeikuta jioni. Kosa lilikuwa kwenye Excel, mimi ndo nilichapa.